Meno ya Magnhild na Marhamu Yangu

Tangen, Skarvøya,
Karibu na Kristiansund,
Norwe.

Jumapili, 25 Juni 1911

Mpendwa mdogo wangu Olea,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo? Peder hajambo? Na yule Mmarekani wenu mdogo, Arnt, ambaye sijawahi kumtia machoni, anaendeleaje? Uliandika kwamba anakohoa. Msugue kifua kwa mafuta ya bata bukini, umfunge kitambaa cha sufu, na usikubali akivue hata akilia kwamba kinamwasha. Na mgongo wako je? Bado unainama peke yako kwenye masufuria ya wale wakata magogo, au wamekupa msaidizi kama walivyoahidi?

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mimi nina miaka arobaini na sita na magoti ya mtu wa tisini, lakini hilo si jambo jipya. Dagros amezaa ndama jike, mwekundu, mkaidi kama mama yake. Viazi vimechipua vizuri upande wa kusini, upande wa kaskazini vinasuasua.

Samaki mwaka huu ni wengi mno. Tangu Machi wanawake wote wa kisiwa tuko kwenye mabeseni, tunaosha samaki wa chumvi katika maji ya barafu, kisha tunawaanika juu ya miamba, kisha mvua inakuja tunakimbia kuwafunika, kisha jua linatoka tunafunua tena. Unakumbuka mwenyewe. Mikono yetu imepasuka mpaka kwenye nyama. Jirani yetu Hansine bado anaitibu yake kwa kuikojolea kila asubuhi, na anaapa kwamba hakuna dawa kama hiyo. Ndiyo maana mimi mkate wake siuli.

Haya, najua unasoma haraka haraka ukitafuta jina la binti yako. Magnhild ni mzima. Amekuwa mrefu, ananipita kwa vidole vinne, na kwa mchungaji amesifiwa kwa kujua katekisimu yote bila kugugumia. Ila kuhusu meno yake, Olea, sikufanya ulivyoniagiza. Keti kwanza. Usiichane barua. Nitakueleza kwa mpangilio kama ilivyotokea, na ukifika mwisho ndipo ukasirike ukitaka.

Usidhani kwamba nilimwacha mtoto mdomo wake uoze. Kila Jumamosi anasugua meno kwa masizi na chumvi kama mama alivyotufundisha sisi. Tangu Krismasi anatumia pia ule unga wa chaki na kafuri uliotuma wewe, na anauficha mahali ambapo hata mimi sipajui. Na kila siku anatafuna utomvu wa msonobari, ule mgumu ninaouchuma mwenyewe bara kila vuli, kwa sababu kisiwani kwetu miti hakuna. Unajua utomvu wetu. Unasafisha meno, unakaza fizi, unaondoa harufu ya samaki mdomoni. Wewe na mimi tulikua tukiutafuna.

Na marhamu ya mama ninaitengeneza bado, kwa utomvu huo huo, mafuta ya kondoo na nta ya nyuki. Wanakuja kuichukua kutoka parokia nzima. Majipu, mipasuko ya mikono, vidonda vya miguu, chuchu za ng'ombe, chuchu za wanawake, vyote navipaka na vyote vinapona. Sijisifu. Au najisifu kidogo, kwa sababu ndicho kitu pekee watu wanachonijulia.

Sasa, Februari Magnhild alianza kuwa mwekundu kwenye pembe za midomo. Nikadhani ni baridi. Baada ya wiki mbili kidevu chote kilikuwa na vipele vyenye maji, kisha mashavu, kisha mpaka chini ya macho. Vikipasuka vinatoa maji, yakikauka yanakuwa magamba ya njano. Nilimwosha kwa maji ya maziwa yaliyoganda. Nilimwekea uji wa shayiri uliopoa. Nilimnywesha mafuta ya ini la samaki mpaka akawa anatapika akiona kijiko. Hansine akasema ni upele tu, nimpake kibiriti upele kilichopondwa na siagi, nikafanya hivyo siku tano, mtoto akanuka mpaka mwalimu akampa benchi lake peke yake. Haikusaidia.

Na juu ya yote hayo, asubuhi na jioni, nikampaka marhamu yangu. Kadiri uso ulivyozidi kuchubuka ndivyo nilivyozidi kupaka. Wasichana wenzake wakaanza kumwita Magamba. Akawa hataki kwenda dukani, na akitoka anajifunga kitambaa mpaka puani, hata jua likiwaka. Moyo uliniuma sana, Olea. Ulinikabidhi mtoto wa miaka minane mwenye uso safi, nikaona nitakurudishia wa miaka kumi na mitano ambaye hata kioo hakitazami.

Aprili akaja Falkanger, mng'oa meno, yule anayefika na meli ya posta na kukaa siku tatu kwenye chumba cha juu ya duka. Ni mpwa wa yule Falkanger mzee wa zamani, mkono ule ule, masharubu yale yale. Nikampeleka Magnhild. Akamwinua kidevu, akamwangalia mdomoni, akanusa.

"Mama, huu uso unatoka humu ndani," akasema. "Sumu ya meno ikikosa njia inapanda kwenye ngozi. Hapa kuna gego limeoza, na mengine yatafuata, hilo ni suala la muda tu. Tung'oe yote ishirini na nane Juni, fizi zipone kiangazi, Septemba nimletee meno mapya ya bandia. Siku ya kipaimara atakuwa kama bibi arusi."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Ndivyo ilivyo kwetu, na wewe unajua kuliko mtu yeyote. Msichana anayepewa meno kwa kipaimara ni msichana ambaye watu wake wamemjali. Anaingia kwenye ndoa bila maumivu ya kumsumbua mume. Baba alitupa sisi wawili, na alijinyima tumbaku mwaka mzima kila mara. Kwa hiyo nikakuandikia, na wewe ukanijibu kwa furaha kwamba hiyo itakuwa zawadi yako kwake, kwamba akishuka melini Oktoba Wamarekani wamwone ana meno yaliyonyooka na uso safi. Barua yako nilimsomea mara mbili. Aliichukua akaiweka chini ya mto wake.

Katikati ya Mei akaenda kukaa kwa mchungaji kwa ajili ya mafundisho, kama watoto wote wa visiwa vya mbali. Wiki nne na siku kadhaa. Jumamosi, tarehe kumi na saba, nikapiga makasia kwenda kumchukua. Akaja mbio gatini bila kitambaa. Olea, uso wake ulikuwa safi! Hakuna kipele, hakuna gamba, ngozi ya kawaida ya msichana aliyelala vizuri na kula vizuri. Nilikaa chini kwenye mashua nikalia mbele ya watu, mimi ambaye sikulia hata siku uliyoondoka.

Nikasema ni chakula cha Mama Mchungaji. Nikasema ni maombi. Tulipofika nyumbani nikamshukuru Mungu, kisha nikachukua kopo la marhamu nikampaka uso mzima ili ule ugonjwa usirudi. Na kwa furaha nikampa kipande kipya cha utomvu, kikubwa, chekundu, kizuri kuliko vyote nilivyochuma.

Jumatatu asubuhi pembe za midomo zilikuwa nyekundu. Jumanne kidevu kilikuwa kinatoa maji.

Jumanne hiyo hiyo akapita mkunga Lovise, kuchukua marhamu kwa ajili ya mzazi mmoja aliyepasuka matiti. Unamkumbuka Lovise, hasemi maneno matatu akiweza kusema mawili. Alimwona Magnhild, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa mchungaji ulikuwa unapaka nini?" akamuuliza.

"Sikupaka kitu. Nililisahau kopo nyumbani."

"Ulikuwa unatafuna nini?"

"Sikutafuna kitu. Mama Mchungaji hataki kuona taya zinachezacheza mbele ya Biblia."

Lovise akanitazama mimi. Akalitazama kopo. Akasema, "Jorine, leo sichukui marhamu," akafunga mkoba wake.

Nilimtolea maneno ambayo siku ya Jumapili siwezi kuyaandika. Nilimwambia kwamba marhamu hii ilikuwa inaponya watu yeye bado ananyonya. Nilimwambia arudi kwa wazazi wake waliopasuka akawapake hewa. Akaenda zake bila kujibu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikasema, nitamwonyesha. Nikamwita Magnhild, nikamwambia akunje mkono wa nguo. Mkono kwa ndani, chini ya kiwiko, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kipele hata kimoja, nikampaka marhamu kwa kidole gumba, mara moja tu, nikafunga kitambaa safi. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumwambia Lovise pakiwa hapana kitu.

Jumatano asubuhi nikafungua. Palikuwa na kiraka chekundu chenye vipele, na ukubwa wake ulikuwa ule ule wa kidole gumba changu. Nilikiweka kidole juu yake, kikaenea sawasawa.

 Nilikwenda kukamua ng'ombe. Nilimkamua Dagros mara mbili kwa kusahau, naye akanipiga teke, na haki yake. Miezi mitano, Olea! Miezi mitano mtoto anaitwa Magamba, na mkono uliokuwa unamchubua ni huu unaokuandikia. Asubuhi na jioni, kwa upendo wote, na utomvu juu yake autafune mchana. Mimi na wewe utomvu umetufaa maisha yetu yote, yeye haumfai. Sijui kwa nini. Lovise naye hajui, ingawa ukimtazama utadhani anajua.

Lakini Jumatano ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya Falkanger. Tuliingia kwenye mashua. Mimi napiga makasia, meno yangu nimeyaweka mfukoni mwa aproni kama kawaida, maana nikivuta kwa nguvu yanalegea. Nilikuwa nawaza hivi: uso hauhusiani na meno, sawa. Lakini zawadi ni zawadi. Mama yake amesema. Wasichana wanne wa kisiwa wanang'olewa leo. Nani mimi niseme huyu asing'olewe, mimi niliyekosea tayari mara moja?

Tukiwa katikati ya mlango wa bahari Magnhild akaniuliza, "Mama mkubwa, mara ya mwisho wewe kuuma tofaa ilikuwa lini?"

Nikahesabu. "Mwaka wa themanini."

"Na mama?"

"Themanini na tatu."

Akatazama maji. Hakuwa ananibembeleza, usimfikirie vibaya. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akasema alitaka meno mapya kwa sababu ya uso, na kwa sababu wenzake wote wanapata. Kisha akasema, "Naogopa tu mama hatanijua. Nilikuwa mdogo. Akija gatini ataona msichana yeyote tu mwenye meno ya Falkanger."

Hapo niliacha kupiga makasia, mashua ikaanza kwenda upande. Nilimtazama mdomoni. Ana mwanya, Olea. Hapo mbele juu, kati ya meno mawili. Nimeuona kila siku kwa miaka saba na sikuwahi kuufikiria. Na wewe hujui, kwa sababu ulipoondoka alikuwa na mapengo ya utoto. Na yeye hajui umetoka wapi, kwa sababu tangu azaliwe amekuona na yale meno yaliyonyooka. Watu wote waliokuwa wanajua wamekufa. Nimebaki mimi peke yangu.

Chumba cha juu ya duka kilikuwa kimejaa. Wasichana kwenye benchi, mama zao nyuma yao, kahawa, brandi kwa atakayezimia. Hansine alikuwepo na binti yake Gjertrud. Ilipofika zamu yetu Magnhild akakaa kwenye kiti, Falkanger akachukua koleo, akasema afungue mdomo.

Nikasema, "Toa lile gego bovu. Basi."

"Tulikubaliana yote, mama."

"Tulikubaliana kwa sababu ya uso."

"Na uso si huo? Utazame. Tangu Aprili haujabadilika. Mimi niliyasema haya."

"Uso nimeuharibu mimi," nikasema. "Kwa marhamu yangu. Si meno."

Ilibidi niseme kwa sauti, kwa sababu anasikia vibaya sikio la kushoto. Chumba kizima kikasikia. Karibu kila mwanamke mle ndani alikuwa na kopo langu nyumbani, na wawili walikuwa na marhamu yangu mikononi wakati ule ule, niliiona inang'aa. Wakatazama mikono yao.

Hansine ndiye aliyeanza. "Jorine! Sasa ile uliyonipaka mguuni msimu wa baridi?"

"Wewe si ulipona?"

"Nilipona, lakini sasa nitalalaje?"

"Lala kama unavyolala siku zote, kwa kukoroma."

Wakacheka, hata wale wasichana waliokuwa wamekufa kwa hofu kwenye benchi. Falkanger hakucheka. Akasema mume wa huyu mtoto atakuja kunilaumu siku moja. Nikamwambia akija huyo mume nitamkaribisha kahawa. Akasema mama yake Amerika atanilaumu. Hilo sikulijibu, maana ni kweli linawezekana.

Basi akalitoa gego. Lilikuwa na mizizi mitatu na lilishika. Magnhild alipiga ukelele mmoja, kisha akanishika mkono mpaka mipasuko yangu ikafunguka tena. Kabla hajakaa kwenye kiti alikuwa ameniuliza kama inauma. Nilimwambia, inauma sana, lakini ni moja na ni muda mfupi. Akaniamini, na ikawa hivyo. Tukamwekea pamba yenye mafuta ya karafuu, na nyumbani anasukutua maji ya chumvi kila baada ya kula. Uvimbe ulikwisha Ijumaa. Usiku huo huo tulipowasha moto wa Mtakatifu Yohana pale ufukweni alicheza dansi na kila mtu, uso wazi.

Kwenye uso hapakwi kitu tena isipokuwa maji safi. Umeshakauka, vimebaki vidoa vya waridi kwenye kidevu. Utomvu hatafuni. Sasa nisikilize vizuri, maana nyie mnaishi kwenye kambi ya magogo: asiguse misonobari, asioshwe kwa sabuni yenye lami, na umwambie Peder avue lile koti lake la kazini na aoge kabla ya kumkumbatia. Simchukii Peder, lakini ule utomvu unaoganda kwenye mikono ya wakata magogo utamrudisha mtoto alikotoka. Ukikuta mtu mwenye marhamu ya bibi yake, mshukuru, uiweke kabatini. Chochote kipya mpime kwanza kwenye mkono kwa ndani, usiku na mchana, kama nilivyofanya mimi kwa kutaka kumwaibisha Lovise.

Lovise alirudi Ijumaa. Aliomba kopo la mafuta ya kondoo na nta peke yake, bila utomvu, kwa ajili ya yule mzazi. Sikufurahi, lakini nilimtengenezea. Akasema, "Asante, Jorine." Maneno mawili, kama kawaida yake.

Pesa ulizotuma kwa ajili ya meno tumezishona kwenye pindo la sketi yake ya safari. Atakuja nazo salama.

Nimebakiwa na jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nisiende kanisani leo nikae niandike.

Mwaka wa themanini na tatu, siku yako, uliniuliza tukiwa kwenye ngazi za duka lile lile kama inauma. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na mimi yangu yalikuwa yameshatoka miaka mitatu. Nikakwambia haiumi. Nilikwambia utahisi kuvutwa tu. Ukaniamini, ukapanda. Nilikuwa nimekushika mkono wakati wote, na sijawahi kusahau jinsi ulivyonitazama baada ya lile la kwanza. Hukunisema kamwe. Ningefurahi kama ungenisema.

Na hukuona beseni, lakini mimi niliona. Baada yako Falkanger mzee alinipa nilimwage. Yalikuwa mazima, Olea. Meupe, hayana doa hata moja. Na yale mawili ya mbele, makubwa kidogo, yaliyokuwa yanaacha mwanya. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ana furaha, amekupa alichoweza, na mimi nikaona nikisema kitu nitamvunja moyo. Nikaenda nikamwaga baharini. Sikusema siku ile na sikusema miaka yote hii, na ulipoandika kwamba unamtakia Magnhild zawadi kama yako nikakaribia kunyamaza tena. Nisamehe. Ulikuwa na meno mazuri sana, na nilipaswa kukwambia.

Msalimie sana Peder, na Arnt mpe busu la mama yake mkubwa. Msalimie pia Ingebrigt wa Nordvika mkikutana kanisani, umwambie mama yake bado anatembea kwa miguu yake na anamlaani kwa kutoandika. Huku wanakusalimu Hansine, Gjertrud ambaye bado anakula supu tu na hawezi kusema sawasawa, na Dagros. Mungu awalinde katika ile misitu, akulindie mgongo wako, na amvushe mtoto bahari ikiwa imetulia.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa kidogo, na ndani ya kitambaa gego lake. Ni hilo moja tu lililong'olewa. Mengine ishirini na saba anakuja nayo mwenyewe Oktoba. Siku hiyo ukifika gatini usitafute mtoto wa miaka minane, na usitazame nguo wala nywele. Mwambie acheke. Utaona mwanya wako.

Ni mimi nikupendaye tangu hujaota jino la kwanza,

dada yako,
Jorine